Mkono Nyuma ya Kioo

Mimi ni dalali wa mnada, na sauti yangu ndiyo shamba langu. Nikipanda juu ya kreti siku ya Jumamosi, nikaanza kunadi kabati la vyombo au baiskeli ya mtu aliyehama, anayefua nguo mtaa wa tatu anajua bei imefika wapi. Watu wananiita Nyundo, kwa ajili ya kinyundo cha mti ninachogongea meza kitu kikishapata mwenyewe. Kipaza sauti sijawahi kukishika. Kipaza sauti ni cha watu wasiojiamini.

Sasa Mungu naye ana mizaha yake. Mtu mwenye koo kama langu akapewa mtoto mmoja tu, binti, na binti mwenyewe anaongea kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Mkunga alituambia kwamba hata siku ya kuzaliwa alilia kidogo, kwa adabu, kisha akanyamaza akaanza kututazama. Nyumbani tunamwita Kimya. Akiomba chumvi mezani inabidi aombe mara mbili, na mara ya pili mama yake ndiye anayenipigia kelele mimi nimpe mtoto chumvi.

Alipomaliza shule akasema anataka kusomea eksirei. Nilifurahi mno. Kazi ya mashine, nikajiambia, haihitaji mdomo. Kumbe nilikuwa sijui kitu.

Mwaka wa kwanza alikuwa akirudi jioni anatufundisha alichofundishwa. Alizima taa ya sebuleni, akawasha tochi, akaweka mkono wake mbele ya ukuta.

"Eksirei ni kivuli, baba. Mionzi inapita mwilini. Mfupa unaizuia, kwa hiyo kwenye picha unatoka mweupe. Hewa inaiachia, kwa hiyo mapafu yanatoka meusi."

"Na nyama?"

"Kijivu. Katikati hapo."

Akatueleza kwamba siti-skani nayo ni eksirei, ila inamzunguka mtu pande zote mpaka unamwona ndani vipande vipande, kama mkate uliokatwa bila kisu. MRI haina mionzi kabisa. Ina sumaku kubwa, ukiingia na funguo mfukoni umezikosa, tena inagonga kelele mpaka mgonjwa anazibwa masikio. Na ultrasaundi inatumia sauti: sauti inaingia, inagonga kiungo, inarudi, na mashine inachora ilichokigonga.

"Sauti!" nikaruka kitini. "Mwanangu, mbona hukuchagua hiyo? Hiyo si ndiyo ya ukoo wetu?"

"Ni sauti ambayo sikio la mtu haliisikii, baba."

Nikakaa. Mama yake alicheka mpaka akafuta macho kwa upande wa kanga.

Baadaye yakaja mazoezi. Kimya alibandika boksi bapa kwenye mlango wa kabati la nguo, akasema lile ndilo bamba linalopokea picha, na sisi wawili tukawa wagonjwa wake. Kila jioni kifua. Unasimama ukilielekea bamba, kifua kimeligusa, kidevu juu, mikono kiunoni, viwiko unavisukuma mbele ili mifupa ya mabega isizibe mapafu. Kisha yeye anarudi nyuma ya mlango wa jikoni, maana mpiga picha hakai chumbani na mionzi, anasema: vuta pumzi, shikilia, haya pumua. Nilisimama pale jioni nyingi kiasi kwamba nikiliona kabati lolote naweka mikono kiunoni.

Tatizo ni kwamba kutoka mlango wa jikoni sikuwa nikimsikia. Nilivuta pumzi kwa kukisia.

Na ndicho kilichomwangusha. Kwenye mtihani wa vitendo alipewa mgonjwa halisi, mama mmoja mnene aliyekuwa na mawazo yake. Kimya akampanga vizuri, akaenda nyuma ya dirisha la kioo, akasema maneno yake. Yule mama hakusikia hata moja. Hakuvuta pumzi, na picha ikapigwa mapafu yakiwa yamesinyaa. Kumbe picha ya kifua inapimwa kwa mbavu: mtu akivuta hewa ya kutosha, mbavu kumi zinahesabika juu ya mapafu. Yule mama zilionekana saba, na moyo wake ukatokea mkubwa kama una ugonjwa, wakati hauna. Ikabidi arudiwe, apigwe mionzi mara ya pili kwa kosa lisilo lake. Katika kazi yao hiyo ni aibu.

Msimamizi wao ni mama mmoja mrefu, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, wanafunzi wanamwita Mama Giza kwa sababu ujana wake wote aliumalizia kwenye chumba cha giza akiosha filamu, kabla kompyuta hazijaja. Alimwambia Kimya: "Mikono yako ni mizuri. Lakini mgonjwa asipokupata, hujafanya kazi. Utarudia mtihani mara moja tu. Ukianguka tena, unarudia mwaka mzima."

Aliporudi nyumbani alitueleza hayo kwa sauti ile ile ndogo, akaenda kulala bila kula. Niliumia. Mwaka mzima, kwa sababu ya sauti, na baba yake ni mimi! Nikasema hapana. Maji hufuata mkondo. Ile sauti imo ndani yake, imelala tu, na mimi nitaiamsha.

Kesho yake nikampeleka kwenye uwanja wa mnada usipokuwa na watu. Nikampandisha juu ya kreti.

"Sema shikilia pumzi."

"Shikilia pumzi."

"Hata nzi hajageuka. Toa tumboni!"

Tukarudi pale siku nyingi. Mwishowe ikatoka sauti fulani, si kubwa, lakini ilikuwa na kona kali. Nikaona tumefika. Jioni hiyo nikamsimamisha mke wangu kwenye kabati na nikachukua kazi ya mtaalamu mimi mwenyewe, ili binti aone mfano. Nikaenda mlango wa jikoni, nikajaza kifua.

"VUTA PUMZI!"

Mke wangu aliruka, paji la uso likagonga kabati, na hanga mbili zikaanguka ndani.

"Baba," Kimya akasema, "mgonjwa akiruka, picha inaharibika vilevile."

"Mama yako ana woga wa kuzaliwa nao. Turudie." Tukarudia, safari hii nikipunguza kidogo. Akavuta, akashikilia. Nikamgeukia binti kumweleza kwamba siri iko kwenye tumbo, si kooni, na kwamba babu yake aliwahi kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto, na kwamba...

"Nyundo!" mke wangu akapasuka, uso umemvimba. "Ruhusa ya kupumua inatoka lini? Unataka kunizika?"

Nilisahau. Akaondoka kabatini akisema debe tupu haliachi kuvuma, na kwamba yeye hachezi tena huo mchezo. Kimya alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono, mabega yanamtikisika. Hata kucheka anacheka kimya.

Ilipokaribia siku ya mtihani alinijia. "Baba, nakuomba kitu kimoja. Usije."

"Nije kufanya nini?"

"Ndiyo maana nakuomba."

Sasa mniamini au msiniamini, kikohozi nilikuwa nacho kweli. Kilinishika kwenye yale mazoezi ya uwanjani, kikakaa, na daktari akaniandikia nikapigwe picha ya kifua. Ningeweza kwenda siku yoyote ya wiki. Nikaenda ile.

Ukumbi wa eksirei una benchi ndefu, harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, na bango linalomtaka mwanamke mwenye mimba aseme kabla hajaingia. Juu ya mlango kuna taa nyekundu. Ikiwaka, hakuna kuingia. Nilikuta kijana mwenye plasta ya mguu, mama na mtoto aliyemeza kifungo, na wazee wawili, mume na mke, wamekaa karibu karibu. Nikamwamkia bibi yule, akaitikia, nikakaa naye.

Mlango ukafunguka, Kimya akatoka akiwa na koti jeupe. Akaniona.  Alinitazama kama anavyonitazama nikianza hadithi mbele ya wageni, halafu akamgeukia yule mzee, akainama mbele yake, akamshika mkono. Wakaingia wote wawili. Mama Giza alikuwa ndani anawasubiri. Mlango ukafungwa.

Nikatega sikio. Nikamsikia Mama Giza akisema, "Endelea." Kisha sikusikia kitu.

Mara Kimya akatoka mbio mbio, akanipita kama hanijui, akaingia kwenye kile kichumba cha kubadilishia nguo. Akatoka amebeba kioo cha kujitazamia, kile kinachotundikwa ukutani. Akamwomba nesi plasta ya vidonda, akapewa bunda zima, akarudi ndani.

 Mtihani umemchanganya mtoto, nikasema. Mwaka wake uko mezani, yeye anakwenda kujitazama nywele.

Taa nyekundu ikawaka. Nikasubiri ile sauti yenye kona kali niliyoihangaikia uwanjani. Hakuna. Nikasogea mlangoni. Hakuna hata mnong'ono. Nikaona mbavu saba, nikaona mwaka mzima unakwenda na maji, nikamwona anarudi kulala bila kula. Mimi si mtu wa kuvumilia. Nikafungua mdomo.

"VUTA PUMZIII! SHIKILIA!"

Benchi nzima ikavuta. Kijana wa plasta alivuta, mama wa mtoto alivuta, mtoto wa kifungo alivuta, na mfagiaji aliyekuwa mwisho wa ukumbi alisimama na fagio lake kifua kimejaa. Wote wakashikilia, kwa maana nilisahau tena neno la tatu.

Taa ikazimika. Mlango ukafunguka, akatoka Mama Giza, miwani iko machoni sasa.

"Nani anafanya mnada kwenye idara yangu?"

Watu wote wakapumua kwa pamoja na kunitazama. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Mtihani wa mwanangu, mgonjwa wa watu, na mimi nimemwingilia katikati kama mlevi msibani. Aibu ilinishika hata miguuni. "Ni mimi," nikasema, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilisema kwa sauti ndogo. "Nisameheni. Kosa ni langu, msimwadhibu yeye."

Bibi wa pembeni yangu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu, ulikuwa unamwita mume wangu? Huyo amefua vyuma tangu ujana. Radi ikipiga nje ananiuliza kwa nini nimeshtuka. Hasikii kitu!"

Mama Giza akanigeukia. "Una bahati," akasema, na akarudi ndani.

Nikakaa. Sikujua nishukuru au nilie. Binti mwenye sauti ya mbu, siku ya kuamuliwa mwaka wake, amepewa mtu asiyesikia radi. Hata kreti ya mnada isingemsaidia pale. Bibi akanipigapiga goti, akaniambia nitulie, mume wake ni mtu mwelewa. Nikakohoa.

Mzee akatoka anafunga vifungo vya shati. Uso wote umecheka. Alikuja moja kwa moja kwa mke wake, akainua mkono wa kulia juu, akajaza hewa mashavuni, akaushusha, akatoa hewa, kisha akatangaza kwa ile sauti ya watu wasiojisikia wenyewe, sauti ambayo mimi dalali niliionea wivu:

"BINTI HUYU ANAONGEA VIZURI! NDIYE WA KWANZA NILIYEMSIKIA TANGU TUFIKE HAPA!"

Ukumbi mzima ukacheka, naye mwenyewe akacheka, akamshika mke wake mkono wakaondoka.

"Wewe mwenye koo," Mama Giza akaita. "Ingia."

Nikaingia nimeinamisha kichwa. Kimya alikuwa amesimama nyuma ya dirisha la kioo mbele ya kompyuta yake, hanitazami. Kilichokuwa kinanichoma nikakisema pale pale. "Mama, zile mbavu. Zimetoka ngapi?"

"Kumi. Kwa mara moja, bila kurudia."

"Kwa hiyo amepita?"

"Amepita tangu aliponiomba ruhusa ya kutoa kioo. Aliyebaki ni wewe. Binti, mpige na huyu, tuone kama kuna dawa yake."

Kimya akaja. Mikono yake ilikuwa baridi kidogo na yenye hakika kabisa. Akanisogeza kifua kwenye bamba, akaniinua kidevu, akanisukuma viwiko mbele, na mimi nikamwambia mwanangu hongera, nisamehe, yule mzee kakusifu huko nje, bibi yake naye, halafu unajua yule kijana wa plasta...

"Baba. Usiongee. Tazama mbele."

Nikatazama mbele. Ukutani, juu kidogo ya bamba, kwenye usawa wa macho yangu, kilibandikwa kile kioo cha kujitazamia, plasta za vidonda pembe zote nne, kimelazwa upande kidogo. Niliona sikio langu, na nyuma ya sikio langu niliona chumba chote hadi lile dirisha. Mgonjwa wa kifua anampa mgongo mpiga picha, hamwoni. Huyu mtoto alikuwa amelitafutia jambo hilo njia.

Kimya akaenda nyuma ya dirisha. Nikamwona kiooni, mdogo, anatulia. Kisha akainua mkono wa kulia.

Hakuuinua kama mwanafunzi anayemjibu mwalimu. Kiwiko kimekunjwa kidogo, vidole vimekutana kama vimeshika kitu, umepanda taratibu mpaka juu ya sikio, na hapo ukasimama. Nikaujua. Ni mkono wangu. Ndivyo ninavyoinua kinyundo nikishasema mara ya pili, kabla ya mara ya tatu, ule mkono unapokaa hewani na uwanja mzima unanyamaza. Niliuinua miaka yote hiyo na sikuwahi kuuona, kwa sababu mimi nilikuwa chini yake.

Hewa ikaniingia yenyewe. Ikajaa. Nikashikilia, mimi, mtu ambaye hata usingizini naongea, na sikutaka kusema neno hata moja. Mkono ukashuka, nikapumua, na machozi yakanitoka. Mama Giza alijifanya anafuta miwani.

"Kumi na moja," akasema baadaye mbele ya kompyuta. "Mapafu safi, daktari atakuthibitishia. Kilichoumia ni koo, na sishangai."

Jioni tulirudi pamoja kwa miguu. Nilimwacha atembee kidogo, ndipo nikamuuliza. "Ule mkono umeutoa wapi?"

"Si ulikuwa unanipeleka mnadani nikiwa mdogo? Ulinikalisha mbele, karibu na meza."

"Nikakufundisha kuita."

"Sikuwa nasikiliza, baba. Kelele zilikuwa nyingi. Nilikuwa natazama mkono tu. Ukipanda, watu wote wanaacha kupumua." Akafikiri kidogo. "Nilikuwa naona ndiyo kazi yako. Nilidhani kuita ni kitu unachofanya ukisubiri."

Wanasema mwana hutazama kisogo cha nina. Wa kwangu alitazama mkono wa baba, na baba akampandisha juu ya kreti kumfundisha makelele. Nilimweleza mama yake yote mezani. Safari hii Kimya aliomba chumvi mara moja, nikampa, maana nilikuwa nimenyamaza nikimtazama.

Jumamosi nikarudi kazini. Kitu cha kwanza kilikuwa kabati la nguo, tena zuri, milango miwili. Bei ikapanda mpaka wakabaki wawili wanaokaziana macho. Nikasema mara ya kwanza. Nikasema mara ya pili. Nikainua kinyundo, na uwanja ukanyamaza, na safari hii badala ya kulitazama kabati nikawatazama watu. Mabega yamepanda. Vifua vimejaa. Mama mmoja mbele kabisa alikuwa amemshika mwenzake mkono. Nikawa nawaangalia tu, mmoja mmoja, nikistaajabu, kinyundo kiko juu, mpaka mtu mmoja wa nyuma akashindwa kabisa:

"Nyundo, shusha basi, tupumue!"